Sura ya Tano: Kimehama

Inspekta alikuwa na ugonjwa mmoja ambao kituo kizima kiliujua: hakuweza kusoma maelezo ya shahidi bila kalamu nyekundu mkononi. Ukimpelekea karatasi iliyoandikwa "mtuhumiwa alikimbia mbio," atakuuliza kama kuna anayekimbia polepole. Ukimwandikia "marehemu alifariki akafa," unarudishiwa karatasi yako ukaiandike upya. Ndiyo maana askari walimwita Sarufi wakiwa nyuma yake na afande wakiwa mbele yake. Naye aliyajua majina yote mawili na hakuchukia lolote.

Mchana huo kalamu ilikuwa imesimama juu ya mstari mmoja tu.

"Koplo," aliita. "Hapa umeandika kwamba mlinzi alimsikia binti akisema kwa simu, 'Kaka, imehama, usimwambie mtu mpaka nirudi.' Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo hivyo, afande. Almasi imehama, na yeye alikuwa mbioni kuondoka. Kesi imeiva, imebaki kupakua."

"Nimekuuliza alivyosema. Sijakuuliza ulivyopika."

Koplo, jitu la miraba minne ambalo lingeweza kubeba mlango wa selo begani, lilijikuna shingo kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. "Kuna mahali nilinyoosha kidogo, afande. Mzee yule Kiswahili chake kina mapengo."

Inspekta aliinuka, akachukua mkoba wake. Alikuwa na sababu ya kuharakisha. Binti mwenyewe, mtafiti anayesomea udaktari wa fizikia, alikuwa mahabusu tangu jana, na hakuwa amefungua mdomo ila kutaja umri wake na kuomba maji. Almasi ya maabara ilikuwa imepotea, yeye ndiye wa mwisho kuigusa, na kaka yake ni sonara. Mkuu wa kituo alikwisha kusema kwamba ikifika saa kumi na moja, ama binti anafunguliwa mashtaka ama anakwenda zake. Chuo nacho kilikuwa kimetamka: akishtakiwa tu, nafasi yake inapewa mwingine siku hiyo hiyo, hata kama baadaye atashinda kesi.

Kwa hiyo Inspekta alikuwa na mchana mmoja wa kujua kama mtu huyu ni mwizi.

Mlinzi wa jengo la fizikia alikuwa mzee mwenye koti la mvua ambalo hakulivua hata jua liwake vipi. Alipoombwa arudie aliyoyasikia, alijiweka sawa, akakohoa kidogo, akasema kwa sauti ya kuigiza: "'Kaka, kimehama! Usimwambie mtu mpaka nirudie!'"

"Kimehama, au imehama?"

"Kimehama, afande. Ki. Kama kiatu."

"Na ni nirudi au nirudie?"

"Nirudie. Nilimwambia huyu kijana wako," alimwonyesha Koplo kidole, "lakini yeye alikuwa na haraka kuliko mimi."

Koplo akatazama dari.

"Alisema kwa hofu?"

"Hofu? Alikuwa anarukaruka hapo ukumbini asubuhi na mapema, viatu mkononi. Nikajua ama kapata mchumba ama kapata wazimu. Halafu akanisalimia vizuri, akaenda zake."

Inspekta alimshukuru mzee, akafuata ukumbi mpaka mlango wa mwisho. Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye sauti ya pampu inayopiga tiki, tiki, bila kuchoka. Katikati ulisimama mtungi wa chuma mrefu kuliko Koplo, uliofungwa mabomba kila upande. Huo ndio mtungi wa baridi, wa kupozea vitu vinavyopimwa. Profesa, mlalamikaji, aliwapokea huku anafuta miwani. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyejaa wasiwasi, na kidonge chake kilikuwa tayari mezani pembeni ya glasi ya maji.

"Presha," alieleza. "Tangu jana imepanda haishuki."

"Ya jiwe au ya kwako?" aliuliza Inspekta.

Profesa alicheka bila kutaka, na kuanzia hapo mazungumzo yakawa mepesi. Alileta sanduku dogo, akatoa kitu cha chuma kinachotosha kiganjani, chenye skrubu nne. "Hili ndilo jiliwa letu, chombo cha kubania. Ndani yake kuna mawe mawili, almasi hizo, zimekatwa ncha zikawa bapa, zinatazamana pua kwa pua. Kipande cha kupimwa, kidogo kuliko punje ya chumvi, kinakaa katikati. Ukikaza skrubu, kinabanwa kama kimezikwa maelfu ya kilomita chini ya ardhi. Jana asubuhi nimefungua, kiti cha chini kitupu. Jiwe halipo."

"Ulitazama wapi pengine?"

"Kila mahali. Nilifagia sakafu mwenyewe."

Inspekta aliomba hadubini. Aliweka jicho, akakaa hapo muda, mpaka Koplo akaanza kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Kiti cha jiwe kilikuwa sahani ndogo ya chuma kigumu. Juu yake kulikuwa na pete ya gundi, nyeusi, iliyokatika upande mmoja kama biskuti iliyomegwa. Upande uliobaki uling'aa. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Profesa, ukitaka kulitoa jiwe hapa, unafanyaje?"

"Kwa wembe. Au unalichemsha na dawa siku nzima. Gundi ile ni ngumu mno."

"Njoo utazame hapa. Wembe uko wapi?"

Profesa aliinama, akatazama, akainuka, akatazama tena. "Sikuangalia gundi," alisema taratibu. "Niliangalia kwamba jiwe halipo."

"Ndivyo tulivyo sote," alisema Inspekta, na akamtupia Koplo jicho.

Koplo hakukubali kushindwa mapema. Alikuwa ameona karakana pembeni imefungwa kwa kufuli, na fundi wa mitambo hayupo tangu juzi. "Huyu je, afande? Mtu anapotea, na kesho yake jiwe linapotea?"

"Fundi kaenda kutafuta keekee," Profesa alijibu. "Keekee yetu ndogo ya kutobolea washa imevunjika. Aliondoka kabla jiliwa halijaingia kwenye mtungi, na nilimpigia simu leo, bado anazunguka madukani."

Koplo alionekana kama mtu aliyenyang'anywa sahani kabla hajala. Lakini Inspekta alikuwa amegeuka. "Washa gani?"

"Bati dogo linalokaa kati ya mawe mawili. Lina tundu jembamba kama unywele, na kipande kinakaa ndani ya tundu. Huwa tunaishikiza kwa donge la nta isicheze."

"Na ya jana iko wapi?"

Profesa aliangalia meza, akaangalia droo, akainua mabega. "Washa ikishabanwa ni takataka, Inspekta. Hakuna anayeihesabu."

Inspekta hakuandika chochote, lakini alirudia jibu hilo kimoyomoyo mara mbili huku wakirejea kituoni. Profesa aliomba kufuatana nao.

Binti aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa mwembamba, nywele zimefungwa kwa kipande cha waya uliovikwa plastiki, na macho yake yalikwenda kwanza kwa Profesa, kisha kwenye sakafu. Inspekta aliliona hilo.

"Profesa, nje kuna benchi zuri sana."

"Lakini mimi ndiye mlala—"

"Benchi lina kivuli pia."

Mlango ulipofungwa, Koplo alivuta kiti, akakigeuza, akakaa huku ametanua miguu kama alivyoona wengine wakifanya. "Kimya kingi kina mshindo mkuu, binti. Tukikubana utasema tu."

"Rudisha kiti," alisema Inspekta. "Huyu kazi yake ni kubana vitu, anajua zaidi yetu vinavyovumilia." Kisha akamgeukia msichana. "Mwanangu, nina swali moja la shule ya msingi. Jiwe limefanyaje?"

Binti aliinua uso. "Limepotea."

"Almasi?"

"Imepotea."

"Sawasawa. Sasa asubuhi ile ulimpigia kaka yako ukasema kimehama. Li ni jiwe, i ni almasi. Ki ni nani?"

Pembe za midomo ya binti zilicheza.

"Kito!" Koplo aliruka. "Kito ni ki, afande. Kito kimehama. Na kaka mtu ni sonara, vito ndiyo kazi yake!"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Inspekta alimtazama Koplo kwa heshima. "Umenena. Nyie kule maabarani mnakiita kito?"

"Hakuna anayekiita hivyo," alisema binti. "Ni jiwe. Hata kaka akiliona hawezi kuliita kito, limekatwa pua."

"Halafu kuna jambo la pili. Mwizi angesema nimelihamisha. Wewe ulisema kimehama. Kimehama chenyewe, bila kuhamishwa na mtu. Nimefanya kazi hii miaka mingi, sijaona mali inayojiiba." Inspekta aliegemea mbele, sauti ikashuka. "Mficha uchi hazai. Profesa yuko nje. Niambie ni nini hicho kilichokufanya uruke ukumbini na viatu mkononi."

Binti alitazama mlango. Machozi yalikuja, lakini pamoja nayo lilikuja tabasamu ambalo ilionekana alikuwa amelibeba tangu jana bila pa kulitua.

"Kipande," alisema. "Kipande kimehama."

"Kimehama kwenda wapi?"

"Hakijaenda popote. Kinahama bila kuondoka kilipo." Alivuta pumzi. "Barafu inayeyuka kwa sababu ya joto, si ndiyo? Sasa mimi nakipoza kipande mpaka karibu na mwisho wa baridi zote, joto karibu limekwisha. Ungedhani kila kitu ndani kimelala. Hakilali. Kuna kutapatapa kudogo ambako hakuishi hata kwenye baridi ile, ndiko sisi wa fizikia tunakokuita kutapatapa kwa kwanta. Nikikibana kidogo kidogo, unafika mahali ambapo kutapatapa kule kunatosha kupindua kila kitu. Kipande kilikuwa kinauzuia umeme. Nikaongeza kidogo tu, kikauachia upite. Vitabu vinasema kinapaswa kufanya hivyo. Hakuna aliyekuwa amekiona kikifanya."

"Kama mchezaji aliyehama timu," alisema Koplo, ambaye alikuwa amesahau kukasirika.

"Hasa! Amevaa jezi nyingine, na bado amesimama pale pale uwanjani."

"Na hili ni la kuficha mpaka ulale mahabusu?" aliuliza Inspekta.

"Profesa anasafiri kesho kwenda kwenye mkutano wao mkubwa. Ni mtu mwema, afande, ananipenda kama mwanawe. Lakini hawezi kushika habari njema, inamchoma mkononi. Mwaka jana alitangaza matokeo yangu kabla sijayarudia. Kumbe kipimajoto kilikuwa kibovu. Tulichekwa mpaka basi. Nikaapa sitamwambia tena mpaka nimerudia mara ya pili."

"Nirudie," alisema Inspekta. "Si nirudi." Koplo alianza kuchunguza kucha zake. "Kwa hiyo umeona afadhali uitwe mwizi?"

"Wizi sikuufanya, kwa hiyo nilijua utaisha wenyewe. Lakini kosa la kipimo lingekuwa langu kweli."

Inspekta alitaka kumwambia kwamba si kila wizi ambao haukufanywa huisha wenyewe, kwamba ameona wasio na hatia wakifungwa kwa herufi moja iliyonyooshwa. Badala yake aliuliza alilokuja nalo kutoka maabara.

"Washa ya jana iko wapi?"

"Kwa kaka. Keekee yetu imevunjika, na yeye ana ile ya kutobolea vito. Nilikuwa sijalala, nikaibandua na nta yake vile vile, nikaitia kwenye kopo, nikampitishia dukani. Nilimwambia ainakili anitobolee mpya, ili nirudie jioni ile ile. Sikuwahi. Nimeamshwa na polisi."

"Uliibandua kwa hadubini?"

"Kwa vidole. Nilikuwa na furaha mno." Alisita. Kitu kilipita usoni mwake. "Afande... gundi. Jiliwa lile limeingia kwenye baridi na kutoka mara nyingi sana."

Walitazamana, na wote wawili walielewa kwa wakati mmoja. Jiwe lilikuwa limepatikana, na lilikuwa mahali pabaya kuliko pote duniani: kwenye duka la sonara, ndani ya kopo, lililopelekwa kwa mkono wa binti mwenyewe.

Inspekta angeweza kumtuma mtu alichukue kimya kimya. Lakini kielelezo kinachochukuliwa kimya kimya huwa na ndimi mbili mahakamani. Alifungua mlango, akamwita Profesa kutoka kwenye benchi lake. "Twende dukani. Nataka mlalamikaji aone kwa macho yake kabla mtu mwingine hajagusa. Na lete jiliwa."

Kaka mtu alikuwa mfupi, mikono imara, kioo cha jichoni kimening'inia kifuani kwa uzi. Alipoona sare alisimama, na swali lake la kwanza halikuhusu duka. "Mdogo wangu amekula?"

"Amekula. Kopo alilokuachia liko wapi?"

Alilitoa chini ya meza. Lilikuwa limezungushiwa utepe wa gundi, halijafunguliwa. "Nilikuwa na pete ya watu. Nilipotaka kulianza nikasikia amekamatwa, mikono ikakataa kazi."

Inspekta alimwonyesha Profesa ule utepe wa gundi ulio mzima, akamfanya aitamke hali yake kwa sauti, na Koplo akaandika neno kwa neno, bila kunyoosha. Kisha sonara alifungua. Ndani kulikuwa na bati dogo lililokandamizwa katikati, na upande wa chini donge la nta chafu, kubwa kama mbegu ya papai. Alilichukua kwa kibano, akalipasua polepole kwa sindano. Nta ilimeguka. Mwanga wa taa ukagonga kitu, ukaruka.

"Si nilisema!" Koplo alipiga kelele, na mkono wake ukaenda kwenye pingu.

Sonara alibadilika rangi. Profesa alishika kifua.

"Tulia," alisema Inspekta, na sauti yake mwenyewe haikuwa imetulia sana. "Wewe, bwana sonara. Nini hicho?"

Mtu yule aliweka kioo jichoni. "Ni jiwe. Jiwe la kazi. Si kito, kito hakikatwi pua. Sijui limeingiaje, afande, naapa. Limeng'ang'ania kwenye bati, halitaki kutoka."

"Usilitoe. Ligeuze nyuma. Profesa, lete kiti chake."

Waliweka vitu viwili chini ya taa, kimoja pembeni ya kingine. Nyuma ya jiwe kulikuwa na gundi nyeusi, iliyokatika upande mmoja. Juu ya kiti kulikuwa na gundi nyeusi, iliyokatika upande ule mwingine. Sonara alivisogeza taratibu. Mwanya wa huku ukajaa jino la kule, mpaka mstari ukatoweka.

"Mwizi gani," aliuliza Inspekta, "anayeiba jiwe bila kulibandua, akaliacha limekandamizwa kwenye takataka, akalizika kwenye nta, halafu akampa mtu ambaye hakumwambia kwamba limo?"

Profesa alivua miwani. "Baridi imeikatisha gundi," alisema. "Jiwe likanasa kwenye washa. Yametutokea hata zamani, nikiwa mwanafunzi mimi. Mungu wangu. Na mimi nimeita polisi." Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akalia bila aibu, na sonara, aliyekuwa na haki ya kumfukuza, akamletea maji.

Koplo alirudisha pingu kiunoni. Alitumia muda mrefu kuzifunga mahali pake, macho chini.

Saa kumi na moja haijagonga, binti alitoka mlango wa mbele wa kituo. Kaka yake alimkumbatia mpaka miguu yake ikaacha ardhi. Profesa alisimama pembeni akizungusha kofia, akaomba radhi, akaomba tena, na binti akamwambia, "Yameisha, mwalimu wangu." Alisema hivyo kwa moyo mweupe. Inspekta alikuwa na furaha, na hakuona sababu ya kuificha.

"Lakini Inspekta," Profesa alikumbuka, "mlinzi alisema alimsikia akimwambia kaka yake kwamba kuna kitu kimehama. Kitu gani?"

Binti aliganda. Kaka akaangalia mbali.

"Hayo ni ya sarufi, Profesa," alisema Inspekta. "Nimeyashughulikia mwenyewe. Safari njema."

Wiki ile iliisha, ikaja nyingine. Profesa alirudi kutoka mkutanoni akiwa hajatangaza chochote, kwa kuwa hakuwa na cha kutangaza. Koplo sasa aliandika maelezo ya mashahidi polepole, ulimi nje, akiwauliza watu kama walisema "ki" au "i" mpaka wengine wakadhani anawatania. Asubuhi moja, Inspekta akiwa ameshika kalamu nyekundu juu ya karatasi ambayo haikuwa na kosa hata moja, simu yake iliita. Nyuma ya sauti ya binti ilisikika pampu, tiki, tiki, na mtu mnene akicheka na kulia kwa pamoja.

"Afande," alisema. "Kimehama tena."

Koplo alisikia, akaruka kutoka kwenye kiti. "Nini tena kimeibwa?"

Inspekta alifunika simu kwa kiganja. Alikuwa anacheka mpaka macho yamelowa. "Kaa chini, Koplo," alisema. "Hakijaondoka kilipo."